Mume kapata kazi Delft, tumeona nyumba nzuri pembeni ya mfereji, tutume hela?

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dada. Mume wangu ni injinia wa maji hapa Dar, amepata kazi kwenye kampuni moja Delft, Uholanzi, mkataba unaanza mwezi wa tisa. Tuna watoto wawili, mmoja ana miaka saba mwingine mitatu, mimi mwenyewe ni nesi. Tumepata nyumba mtandaoni katikati ya mji wa kale, ghorofa tatu, iko pembeni kabisa ya mfereji, picha zake jamani utalia. Kodi euro 1,100 kwa mwezi na vyombo vyote ndani. Mwenye nyumba yuko Hispania kikazi, anasema tukilipa mwezi mmoja na amana anatutumia funguo kwa posta ya haraka, na kuna familia nyingine inaitaka kwahiyo tuwahi. Tutume? Na kwa jumla maisha ya huko tujiandae vipi, na mimi kazi nitapata?"

Marahaba mdogo wangu. Msitume. Hata senti moja msitume, na kama mume keshafungua ukurasa wa benki mwambie aufunge kwanza asome hii yote.

Mie niko Delft mwaka wa kumi na nne huu na kazi yangu ni hiyohiyo ya kupokea familia zinazohamia, nawapeleka ofisi za mji, nawasomea mikataba, nawatafutia shule. Huyo mwenye nyumba wa Hispania namjua, yaani simjui kwa sura ila namjua. Kila mwaka yupo. Mwaka mmoja yuko Hispania, mwaka mwingine yuko Uingereza, mara mke wake anaumwa, mara yeye ni mchungaji, lakini nyumba siku zote ni nzuri kupita kiasi, kodi siku zote iko chini ya bei ya soko, funguo siku zote zinakuja kwa posta, na siku zote kuna familia nyingine inayoisubiri. Nyumba ya familia Delft siku hizi, vyumba viwili vya kulala na sebule, kwa wapangaji wa soko huria sioni ikishuka chini ya euro 1,500, na hizo za pembeni ya mfereji zinapita hapo mbali. Ghorofa tatu kwa 1,100 na vyombo ndani? Ingekuwa kweli ningehamia mimi.

Sasa ngoja nikueleze kwanini wezi wanapenda mji kama huu. Delft ni mji mdogo, watu laki moja na kidogo, ila una chuo kikuu cha ufundi kilichoanza 1842 chenye wanafunzi zaidi ya elfu ishirini na tano, na wote wanataka kulala mahali. Mwezi wa nane na wa tisa ndo msimu wao wa kutafuta. Nyinyi mnakuja mwezi wa tisa huohuo. Hapo ushaelewa, ni sawa na mtu anayetafuta basi la Moshi tarehe 23 Desemba, atauziwa hata tiketi ya basi ambalo halipo.

Halafu kuna jambo moja ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote nitakayoandika hapa: Uholanzi kinachohesabika ni anwani. Nyumba inakuja baadaye. Mtu anaweza kuishi kwenye nyumba nzuri na asiwe na anwani, na asiye na anwani kule ni kama hajafika. Inakuwa hivi. Mkifika mnatakiwa ndani ya siku tano mwende gemeente, yaani halmashauri ya mji, mkajiandikishe kwenye daftari la wakazi. Mkishaandikishwa mnapewa namba inaitwa BSN, kila mtu yake hadi yule mdogo wa miaka mitatu. Bila BSN benki nyingi hazikufungulii akaunti ya maana, bima ya afya inakwama, shule wanakuangalia tu, na mshahara wa mume unaweza kukatwa kodi ya asilimia 52 kwa sababu mwajiri hana namba ya kumwandika. Na ili uandikishwe lazima uwe na mkataba wa nyumba inayoruhusu watu kuandikishwa pale. Kuna wenye nyumba wengi tu hawaruhusu, wengine kwa sababu wanapangisha kinyemela, wengine wameshajaza idadi ya watu inayoruhusiwa.

Yalinikuta mimi mwenyewe, ndo maana naongea kwa uchungu. Nilipokuja nilipata chumba cha juu kabisa chini ya paa kwenye nyumba ya zamani, dirisha linaangalia mfereji, asubuhi bata wanapita, nikapiga picha nikatuma nyumbani watu wakasema dada umeula. Mwenye nyumba, simtaji, aliniambia kwa upole kabisa hapa hujiandikishi. Sikuelewa maana yake. Wiki saba nilikaa bila namba, nalipwa kwa mafungu nakopa kwa Mkenya mmoja tuliyefanya naye kazi, meno yakauma nikameza paracetamol za kutoka Dar mpaka zikaisha. Bata waliendelea kupita.

Kwahiyo mpango wangu kwenu ni huu. Mume atangulie peke yake. Wewe na watoto mbaki Dar miezi miwili mitatu, najua inauma lakini ni nafuu kuliko kulala wanne kwenye chumba cha hoteli mnakula mkate na jibini. Kabla hajasaini chochote amuulize mwajiri swali moja tu: mtanipa makazi ya muda ninayoweza kujiandikisha? Wengi wanaoajiri watu kutoka nje wana sehemu za namna hiyo, ila wasipoulizwa hawasemi, Waholanzi ndivyo walivyo, wao ukitaka kitu unakiomba, na wakikataa hawajakukasirikia, wamekataa tu. Akishakuwa na BSN na hati za mshahara za mwezi mmoja au miwili anatafuta nyumba ya familia akiwa hukohuko, anaenda kuiona kwa miguu yake, anafungua bomba, anapanda ngazi.

Hizo ngazi nazo nitazisema. Nyumba za katikati ya Delft nyingi ni za miaka mia tatu, mia nne, nyembamba kama kabati, na ngazi zake zimesimama wima utadhani unapanda mnazi. Mtoto wa miaka mitatu hapo usimwache hata dakika. Ukitembea mtaani tazama juu kwenye paa, utaona boriti limetokeza na ndoano, hilo sio pambo, ndo njia ya kuingizia kitanda na friji kwa kuwa ngazini havipiti, unakodi winchi ya nje vinaingilia dirishani. Na nyumba nyingi za eneo hilo zimeorodheshwa kama urithi wa taifa, kwahiyo mwenye nyumba hawezi kubadilisha madirisha bila kibali, unakuta kioo ni kimoja chembamba, upepo unaingia, bili ya gesi ya Januari inakuja unaisoma mara mbili. Unyevu sakafu ya chini. Gari huna pa kuweka, katikati magari yamezuiwa sehemu kubwa na kibali cha maegesho kina taratibu zake. Mimi hiyo Delft ya mifereji naipenda sana, napita kila siku, lakini naipita kwa baiskeli nikielekea kwangu ambako kuna lifti na madirisha ya vioo viwili.

Familia yenye watoto wadogo mie naielekeza Tanthof, kusini ya mji, nyumba za miaka ya sabini na themanini, chini chini, zina bustani na njia za baiskeli ambazo gari haliingii, na stesheni ya Delft Campus iko karibu. Au Voorhof na Buitenhof kama mnataka fleti ya bei ya chini kidogo, huko ndo utawasikia watu wa mataifa yote kwenye lifti, wazee wengine wa Kidelft hawazisifii sana fleti hizo, mimi niliishi Buitenhof miaka mitano sikupata neno. Zaidi ya hapo kuna Rijswijk, ni mji mwingine kwenye karatasi lakini kwa baiskeli ni dakika ishirini. Mtu asiwatishe na habari za mbali, kule hakuna mbali. Treni ya Den Haag ni kama dakika kumi na kitu, Rotterdam hivyohivyo, uwanja wa ndege wa Schiphol dakika arobaini. Mbezi kwenda Posta tu wewe unatumia muda gani?

Mkianza kutafuta kweli mtakutana na maneno matatu kwenye matangazo, yashikeni hivihivi yalivyo. Kaal maana yake nyumba tupu, na nikisema tupu usifikirie tupu ya Sinza. Ni tupu ya saruji. Mpangaji aliyetoka kaondoka na mazulia, mapazia, taa, wakati mwingine na mbao za sakafu alizozinunua yeye. Niliwahi kupeleka familia moja ya watu wa Kampala, mama akafungua mlango akasema mbona bado wanajenga. Gestoffeerd ina sakafu na mapazia na kwa kawaida jiko, kitanda unaleta mwenyewe. Gemeubileerd ndo yenye vyombo, na kodi yake imepanda kulingana. Kwa nyinyi ya katikati inatosha, vitu vingine mtavipata kringloop, ni maduka ya vitu vilivyotumika, mitumba ya wenyewe Wazungu, meza ya mbao nzito ya watu sita unaipata kwa euro thelathini na wanakuletea.

Kwa upande wa sheria mpangaji sasa hivi amekaa vizuri kuliko mie nilivyokuja. Tangu Julai 2023 amana ya mkataba mpya haizidi kodi ya miezi miwili, ile kodi tupu bila umeme na maji. Tangu Julai 2024 mikataba mipya kwa kawaida haina mwisho, ile ya mwaka mmoja mmoja imebaki kwa sababu maalum chache tu, na nyumba nyingi za kiwango cha kati zimewekewa kikomo cha kodi kwa mfumo wa pointi: ukubwa, jiko, choo, matumizi ya nishati, vyote vina pointi zake. Dalali anayemfanyia kazi mwenye nyumba haruhusiwi kukudai wewe hela ya udalali. Ubaya wake ni kwamba wenye nyumba wengine wamechoka na hizo sheria wakaamua kuuza, kwahiyo za kupanga zimepungua na mnagombania watu wengi. Nyumba za serikali na mashirika msizipigie hesabu, foleni yake ni ya miaka na miaka. Na wenye nyumba karibu wote watataka kuona mshahara wa mume ni mara tatu ya kodi au zaidi, mshahara wako wewe wa Dar hawauhesabu.

Haya, tuje kwenye makaratasi, hapa sitakaa sana kwa sababu sehemu kubwa anafanya mwajiri. Mume akija kama mtaalamu mwenye kibali, mwajiri lazima awe ameidhinishwa na idara ya uhamiaji ya kule, inaitwa IND, yeye ndo anaomba, na anaweza kuwaombea nyinyi nyote kwa pamoja. Jibu likitoka mnapewa stika ya kuingilia, MVV, mnaichukua kupitia ubalozi wa Uholanzi. Angalieni tarehe: baada ya jibu mna miezi mitatu ya kuichukua, na ikishabandikwa kwenye pasipoti inakaa siku 90, kwahiyo huo mpango wangu wa mume kutangulia unawezekana bila kuharibu kitu, ila msizembee. Kazi yenu nyinyi ni vyeti. Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vya RITA vile, vipelekeni Wizara ya Mambo ya Nje vigongwe muhuri, kisha ubalozini wagonge wa kwao. Kama kuna kilichoandikwa Kiswahili peke yake kitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika. Fanyeni mkiwa bado Dar jamani. Nimeona baba mmoja amekaa miezi mitano mtoto wake hajaandikwa vizuri kwa ajili ya muhuri mmoja ambao angeupata kwa asubuhi mbili. Mkifika mtapimwa TB, kila mtu anayetokea kwetu anapimwa, kwa mtu mzima ni picha ya kifua tu, msijisikie vibaya.

Kuna nafuu ya kodi ya mshahara wanaiita sheria ya asilimia 30, sehemu ya mshahara mpaka asilimia 30 hailipiwi kodi kwa miaka isiyozidi mitano, kuanzia 2027 inashuka kuwa 27. Ombi linapelekwa na mume pamoja na mwajiri, na likipelekwa ndani ya miezi minne tangu aanze kazi linahesabiwa kuanzia siku ya kwanza. Akichelewa, miezi iliyopita imepita. Tena watu wengi hawajui kwamba ukiwa na nafuu hiyo leseni yako ya Tanzania unabadilishiwa ukapewa ya Kiholanzi bila mtihani, na wa familia yako pia. Bila hiyo leseni ya kwetu inatumika siku 185 basi, baada ya hapo unarudi kujifunza udereva upya kwa bei ya kukutoa machozi.

Bima ya afya ni lazima, mna miezi minne ya kuchukua lakini mtalipia kuanzia siku iliyowapasa, kwahiyo hakuna faida ya kuchelewa. Mtu mzima ni kama euro 150 na kitu kwa mwezi, watoto chini ya miaka 18 hawalipiwi. Juu yake kuna euro 385 kwa mwaka ambazo unazitoa mfukoni kwanza kabla bima haijaanza kulipa, isipokuwa kumwona daktari wa mtaa, huyo bima inalipa moja kwa moja. Huyo daktari wa mtaa, huisarts, mtafuteni wiki ya kwanza kwa sababu hospitali huendi kwa miguu yako, lazima yeye akuandikie. Wewe kama nesi utamshangaa. Mtoto ana homa nyuzi 39, atakuuliza anakunywa maji? Anacheza? Basi mpe paracetamol, nipigie baada ya siku mbili. Mwanzoni nilidhani ni dharau. Sasa hivi naona wako hivyo kwa wote, na dawa za antibayotiki kule hazitolewi kama pipi.

Kazi yako sasa. Kwa kibali cha kumfuata mume mwenye kibali cha utaalamu unaruhusiwa kufanya kazi yoyote bila mwajiri kukuombea kibali kingine, kadi yako itaandikwa hivyohivyo kwa nyuma. Hilo ni zuri. Ila unesi ni taaluma iliyofungwa, hushiki mgonjwa kama nesi mpaka uwe kwenye daftari la wahudumu wa afya linaloitwa BIG, na kwa aliyesoma nje ya Ulaya inaanza mitihani ya Kiholanzi, halafu ya taaluma, vyeti vyako vinapitiwa kimoja kimoja. Sio kitu cha miezi. Waliofanikiwa ninaowajua ilikuwa miaka miwili kwenda mitatu, na wote walianzia chini, nyumba za wazee, kusaidia kuvalisha na kulisha, huku jioni wako darasani. Wanatafuta wauguzi mno kule, kwahiyo mlango upo, ila ufunguo wake ni Kiholanzi na hakuna mwingine. Usidanganywe na watu wanaosema Delft kila mtu anaongea Kiingereza, ni kweli, hata muuza samaki anakijua, lakini bibi wa miaka 88 mwenye usahaulifu anarudi kwenye lugha ya mama yake. Anza leo. Dakika ishirini kwa siku kwenye simu, hiyo g yao ya kukwaruza koo usiiogope, wewe unasema kheri na Alkhamisi, kha ya Kiarabu unayo tayari, Wakenya wa bara na Waganda ndo wanahangaika.

Mtoto wa miaka saba kuna njia mbili. Shule ya kawaida ya serikali, bure isipokuwa mchango mdogo wa hiari, na kwa asiyejua lugha kuna darasa maalum la kuanzia kabla hajaingizwa na wenzake. Au shule ya kimataifa kwa Kiingereza, ipo hapohapo mjini, ada inauma. Mkikaa miaka mitatu au zaidi mie nasema mpelekeni ya Kiholanzi bila kusita, baada ya miezi minane yeye ndo atakuwa mkalimani wenu dukani na mtachoka kukosolewa. Wa miaka mitatu anaweza kwenda chekechea ya nusu siku. Akifika minne anaingia shule, mitano ni lazima kisheria. Ukitaka kufanya kazi kabla hajafika minne, malezi ya mchana yanakwenda kama euro kumi kwa saa au zaidi, serikali inarudisha sehemu kubwa lakini mpaka wazazi wote wawili wawe na kazi au masomo yanayotambulika. Dada wa kazi sahau. Hayupo. Jumatano watoto wengi wanatoka mchana, kwahiyo utawaona akina baba nao wamechukua siku ya kukaa nyumbani na watoto, wanawasukuma kwenye baiskeli zenye sanduku mbele, mume wako ajiandae kisaikolojia.

Baiskeli ni miguu yenu. Nunueni zilizotumika, euro 150 hivi kila moja, na kufuli mbili, moja ya mnyororo mzito, kwa sababu mji huu wa watu wastaarabu wanaopanga foleni kimya wanaiba baiskeli kama vile hawana akili. Au mkodi kwa mwezi, ile kampuni ya tairi la mbele la bluu, Swapfiets, ilianzishwa na wanafunzi wa hapo hapo Delft mwaka 2014, ikiharibika wanakubadilishia. Taa usiku ni lazima, na simu mkononi ukiwa unaendesha ni faini.

Chakula msiwe na wasiwasi. Alhamisi kuna soko pale uwanja mkuu, Markt, katikati ya kanisa la Nieuwe Kerk na jumba la mji, samaki, jibini, matunda. Lakini vya kwetu mtavipata kwa Wasuriname na Waturuki. Mchicha unaitwa klaroen kwenye maduka ya Wasuriname, muhogo upo, ndizi za kupika zipo, bamia zipo, nyama ya halali kwa Mturuki. Jumamosi moja kwa mwezi panda tramu namba 1 uende Den Haag, ubadilishe tramu mpaka soko lao kubwa, Haagse Markt, utadhani umeingia Kariakoo, makelele yale yale na bei zinashuka jioni. Na mkialikwa chai na Mholanzi msishangae mkifika nyumbani mkakuta amewatumia maombi ya kulipa euro mbili na senti hamsini kwenye simu, sio uchoyo kwa wanavyoona wao, ni usafi wa hesabu. Mimi bado inanichoma kidogo.

Baridi yenyewe inavumilika, kinachoua watu ni giza na upepo. Desemba jua linatoka karibu saa tatu asubuhi na saa kumi na nusu jioni limezama, hapo katikati mara nyingi ni mawingu. Sasa nakuambia kama mtu wa afya, miezi ya kumi na moja mpaka wa pili toka nje kila siku mchana hata dakika kumi, mpe mtoto vitamini D, na usijifungie na simu ya kundi la familia. Makoti nunueni hukohuko, ya Dar ni ya Arusha.

Mume wako hatakuwa mgeni sana, kusema ukweli. Delft ndipo ilipo IHE, chuo cha maji kilichoanza 1957, na mainjinia wa maji wa Afrika Mashariki wamepita hapo miaka na miaka, akiuliza ofisini kwake Dar hatakosa mzee mmoja aliyewahi kukaa Delft na bado ana koti la huko. Na bodi ya maji ya eneo lile, Delfland, ipo tangu 1289, ofisi yake ya zamani iko pembeni ya mfereji wa Oude Delft, mpaka leo inawaletea wakazi bili ya kuzuia mafuriko, nyinyi pia mtaletewa. Na wewe siku ukitulia nenda kaangalie vigae na masahani ya bluu yanayoitwa ya Delft. Ukiyaona utakumbuka makaburi ya magofu ya Kunduchi, zile sahani za Kichina zilizobandikwa kwenye nguzo. Ni ndugu. Wafinyanzi wa Delft karne ya 17 walikuwa wanaiga porseleni ya Kichina iliyoletwa na meli zao, kwetu tukaibandika yenyewe ukutani, wao wakatengeneza ya kufanana nayo wakaiuza dunia nzima.

Vya kubeba: vyeti vyote vya asili na nakala, kadi za chanjo za watoto, vyeti vyako vya unesi na barua ya baraza la wauguzi, karafuu na iliki za kutosha, na mbuzi ya nazi, hiyo sijaiona kokote. Masufuria acha.

Na huyo bwana wa Hispania, kabla hujamfuta, mjibu hivi: asante, tuna dada yetu anakaa Delft dakika tano kutoka hapo, kesho saa nne asubuhi atapita kuiona nyumba kwa niaba yetu, tafadhali mwambie jirani afungue. Kisha nitumie atakachojibu.